Mapigano ya jahazi yamekwisha: raundi moja, barua moja

Hatimaye mapigano ya kwenye jahazi yamefika mwisho, na hakuna mchezaji aliyechoka njiani. Wanaoendesha michezo ya uigizaji kwa barua pepe, ambamo kila mchezaji anamwongoza mhusika wake katika hadithi na mwendeshaji anaongoza maadui, wanajua uzito wa maneno hayo. Mazungumzo, upelelezi, safari, vyote huenda vizuri kwa barua, pengine kuliko mezani, kwa sababu mtu anapata muda wa kufikiri mhusika wake angesema nini. Balaa huanza panga zikichomolewa.

Tatizo ni zamu. Kanuni za Dungeons & Dragons, mchezo tunaoucheza, zinataka wahusika watende mmoja baada ya mwingine. Mezani raundi nzima inakwisha kabla chai haijapoa. Kwa barua, tuseme kila mmoja anajibu ndani ya siku moja, na hilo ni kundi lenye bidii: wachezaji watano, siku tano, halafu siku ya maadui. Raundi nne ni wiki tatu na ushei. Nasi tumetawanyika, watatu Dar es Salaam, mmoja Muscat, mmoja Toronto. Anayesubiri siku ya nne anasahau hata amesimama upande gani wa mlingoti.

Nilijaribu kumruhusu anayewahi kujibu atangulie. Kasi ikapanda, lakini yakawa mapigano ya wenye intaneti nzuri, na dada yetu wa Toronto kila akiamka anakuta maadui wamelala chini. Nikayahamishia kwenye kundi la kuchati. Sikupenda hata kidogo: sentensi zikawa za maneno mawili, picha na vikaragosi vikaingia katikati, na hadithi ikapotea.

Dawa nimeipata kwa waliotutangulia. Diplomacy, mchezo wa Allan Calhamer uliotoka 1959, ulianza kuchezwa kwa posta Marekani mwaka 1963, na haukusumbuliwa na zamu kwa kuwa hauna zamu: wote huandika amri zao kwa siri, kisha zinafunguliwa pamoja. Wacheza sataranji kwa barua nao wana hatua za masharti, “ukienda hapa, mimi nakwenda pale”, ili kuokoa safari nzima ya posta. Nimeviunganisha hivyo viwili.

Sasa raundi ni barua moja. Amri zinafungwa Ijumaa saa tatu usiku ya Dar, ambayo Muscat ni saa nne na Toronto bado mchana. Kila amri lazima iwe na masharti yake. Hii hapa ya mvuvi wetu:

“Nahodha wao akiwa usukanini, namrushia mkuki. Akiwa amejificha, nakata amari ya nanga. Pointi zangu za uhai zikishuka chini ya 6, naruka majini upande wa pwani.”

Sina haja ya kumuuliza lolote. Nahodha alikuwa amejibanza nyuma ya magunia ya karafuu, amari ikakatika, jahazi likaanza kusukumwa na mkondo kuelekea mwambani. Mapigano yote yakabadilika sura, na hakuna aliyekuwa amelipanga hilo, hata mimi. Nilifurahi mno!

Kilichoniumiza kichwa zaidi ni yale mambo ya papo kwa papo. Kinga ya mchawi wetu hutumika akishapigwa, si kabla, na inamwongezea ulinzi, yaani namba ambayo shambulio la adui lazima liifikie ili limpate, kwa 5. Mezani anasema tu “natumia”. Kwa barua nisimamishe raundi nzima nikimsubiri? Tumelimaliza kwa amri za kudumu zinazokaa kwenye karatasi ya mhusika: “Shambulio likifikia ulinzi wangu, au kuuzidi kwa pointi zisizopita 4, tumia kinga. Likizidi hapo, acha.” Hesabu imekaa sawa, kwa sababu pigo lililouzidi ulinzi kwa 5 linapenya hata kinga ikiwekwa. Asiyeleta amri, mhusika wake anajikinga tu. Hafi kwa sababu umeme ulikatika mtaani kwao.

Zana je? Jedwali la rangi rangi nimeliacha. Faili la maandishi matupu linanitosha, mstari mmoja kwa kila mhusika, nalibandika lote juu ya barua ya raundi. Kichwa cha barua kisiguswe kamwe: mmoja akikibadilisha, mlolongo unakatika na nusu ya kundi inabaki kwenye hadithi ya jana. Dadu zote narusha mimi, na kila namba naiandika wazi mwishoni, nzuri na mbaya, pamoja na kazi iliyorushiwa.

Wiki hii ilikuwa ya kuchora ramani ya ngome. Ramani itasubiri, kwa sababu mchezaji wa Muscat amemwandikia binamu wa mhusika wake barua ndani ya hadithi yenyewe, na tangu niisome nawaza jambo moja: barua za wahusika zikiibiwa njiani je? Kanuni nimeshaianza. Kila barua inarushiwa dadu ya pande 20. Ikiangukia 5 au chini yake, imeingia mikononi mwa liwali, naye ana ruhusa ya kubadilisha sentensi moja kabla ya kuipeleka. Ya kwanza inaondoka Ijumaa.