Besi ya Orchestra Baobab hatimaye imekaa

Imekaa! Besi imekaa, na majirani sasa walale.

Mnaofuatilia mradi huu mnajua nataka kurekodi peke yangu, chombo baada ya chombo, bolero moja, wimbo wa polepole wa asili ya Kuba, kwa mtindo wa Orchestra Baobab, bendi ya Dakar, Senegal. Gitaa la rithim, vijiti vya kugonganisha na timbale, zile ngoma za chuma za kupigwa kwa fimbo, vilishaingia zamani. Mchawi alikuwa gitaa la besi. Noti sahihi, kodi (noti zinazolia pamoja) sahihi, lakini wimbo ulitembea kama kwaya inayoingia kanisani.

Shida ni pigo la kwanza kati ya yale manne ya kila mzunguko. Mkono hukimbilia pale wenyewe. Kwenye son, ule muziki wa dansi wa Kuba, ambayo Baobab waliimeza nzima, besi huliruka pigo la moja: hugonga nusu ya mwisho ya pigo la mbili, kisha la nne, na kwenye ile nne imeshahamia kodi inayofuata. Tumba, ile ngoma ndefu ya kupigwa kwa mikono, nayo huachia mlio wazi palepale, nne na nusu yake. Jana usiku nikazima kila kitu nikabakiza tumba tupu. Kuhesabu nikaacha, nikawa naimba mlio wake mdomoni, "ku-ku, ku-ku", kidole kikaufuata. Shwari!

Na ile kazi ya programu ya kuvuta kila noti ikae kwenye mstari, izimeni. Tumba ikinyooshwa, bolero imekufa. Pedali za mwangwi za bei mbaya nazo sizitaki. Mwangwi wa simu unatosha ukiuweka kidogo.

Maana solo la Barthélemy Attisso, mpiga gitaa wa Baobab, linaishi kwenye nafasi anazoziacha. Mtogo huyu alikwenda Dakar kusoma sheria, gitaa akajifunza mwenyewe, na bendi ilipovunjika akarudi Lomé kufanya uwakili! Sikilizeni rekodi za 1982, zile zilizotoka baadaye kama Pirates Choice. Hana haraka hata kidogo.

Mpango ulikuwa nihamie kwenye saksafoni, ile ya Issa Cissokho wa Baobab. Ingoje. Nimepata wazo la kutia tama, ile ngoma ya kwapani, juu ya besi hiihii. Najua wapenzi wa Baobab watanuna, kwa sababu ni mbalax, muziki wa dansi wa Senegal wa akina Youssou N'Dour, wenye tama na ngoma za sabar, uliowafunika wazee wale miaka ya 80. Wanune tu. Tama nimeshaazima, na waya wa maikrofoni usipoleta ukorofi, Jumamosi narekodi.