Mtihani Jumatatu, mguu haujatulia

Juzi saa tisa usiku mguu wa kulia uliniamsha tena. Wenye selimundu wenzangu, ugonjwa huu wa damu wa kurithi, mnajua, haya maumivu hayapigi hodi. Seli nyekundu zikijikunja kama mundu zinaziba mishipa midogo, damu haipiti, mfupa unawaka. Nikameza dawa, nikanywa maji, mama akanikanda kwa kitambaa cha maji ya moto mpaka adhana ya alfajiri. Hakusema neno, alikuwa anakamua kitambaa na kurudia.

Mchana nipo dukani Kariakoo nahesabu majora ya vitenge, jioni nasoma uhasibu hadi saa tatu. Darasani kiyoyozi ndicho kinachoniponza, maana baridi kwetu ni adui. Nakaa karibu na mlango nimejifunika khanga, chupa ya maji ya lita moja na nusu iko miguuni. Nameza foliki asidi, vitamini ya kusaidia kutengeneza damu, kila siku, na haidroksiurea, dawa ya kupunguza vipindi vya maumivu, kama daktari alivyoniandikia.

Wiki hii msimamizi kaniuliza mbele ya wateja, "Mbona jana ulikuwa mzima?" Jamani, iliniuma kuliko mguu. Ndiyo, jana nilikuwa mzima. Ugonjwa huu ndivyo ulivyo. Nimempelekea barua ya kliniki, bado hajajibu. Mwalimu yeye kanielewa palepale, kaniruhusu nitoke kunyoosha miguu katikati ya kipindi. Mungu ambariki sana.

Sasa hivi daftari liko kitandani. Nasoma nusu saa, najilaza, naamka tena.