Oktoba huko Algarve: hesabu za likizo kutoka Lubumbashi

Oktoba ndio mwezi wa joto kuliko yote hapa Lubumbashi: mvua bado haijashika, vumbi jekundu limetanda juu ya majani ya miembe, na kila mtu anatazama mawingu. Mwaka huu mimi na mume wangu tumepata kongé mwezi huo huo, na kwa kuwa likizo zetu zimezoea kuishia kwenye harusi na misiba ya ukoo, tumeamua kwenda Ulaya. Fedha za kuchezea hatuna, na baridi hatuiwezi. Masharti hayo mawili ndiyo yaliyotupeleka kwenye Algarve, pwani ya kusini kabisa ya Ureno.

Wakati ambapo Brussels na Paris watu wameshavaa makoti, Algarve bado ina mchana wa nyuzi 22 au 23, kwa sababu milima ya Monchique na Caldeirão huikinga dhidi ya pepo za kaskazini na mvua nyingi husubiri Novemba. Bahari hubaki karibu na nyuzi 20, ambazo kwa mtu aliyezoea Ziwa Tanganyika ni maji ya baridi, lakini huogeleka. Anayeamka kila asubuhi ya Julai hapa kwetu, zebaki ikiwa imeshuka chini ya 10, hatatetemeka huko. Faida kubwa zaidi ni kwamba Waingereza na Wajerumani wanaojaza pwani hiyo Julai na Agosti wengi wao wamekwisha kurudi makwao, kwa hiyo nyumba za kupanga hushuka bei.

Hata hivyo, kwa sisi tunaotoka Katanga, gharama nzito haziko Ureno. Ziko katika tiketi na viza, na hizo hazipungui kwa kubembeleza. Ada ya viza ya Schengen, ile moja inayokubalika katika nchi nyingi za Ulaya, kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi hata ukikataliwa. Bima ya safari lazima ifikie euro 30,000 za matibabu. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho wake ni siku 15 kabla. Nawasihi msisubiri huo mwisho. Ureno hudai pia uthibitisho wa fedha za kujikimu: euro 75 za kuingilia na euro 40 kwa kila siku, yaani mtu wa siku 10 aonyeshe euro 475. Kiasi hicho kikae kwenye akaunti kwa miezi kadhaa, kwa sababu fedha zilizoingia jana kwa mkupuo humtia mashaka afisa yeyote.

Njia tuliyoichagua ni kupita Addis Ababa hadi Brussels, kisha kupanda ndege ya bei nafuu kwenda Faro. Shemeji yangu anaishi Brussels na ametukaribisha tukae kadiri tunavyotaka, lakini hapo kuna sheria ya kuangalia: ombi la viza hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, wala si ile utakayotua kwanza, hivyo tukilala sana kwa shemeji, faili letu linakuwa la Wabelgiji. Usiku wa kwenda na usiku wa kurudi vinatosha, na nadhani hata yeye hatanuna. Usiku huo wa katikati ni wa lazima kwa namna nyingine, maana tiketi mbili zilizonunuliwa kando kando hazilindani: ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili inakwenda na fedha zako. Mzigo nao hulipiwa mbali, na nyama kavu ambayo jamaa hutuagiza haiwezi kuingia Umoja wa Ulaya. Samaki wakavu wanaruhusiwa kwa matumizi binafsi.

Tutapanga Olhão badala ya Albufeira, ambako baa ni nyingi na bei ni za watalii. Olhão ni mji wa wavuvi, dakika chache tu kwa treni kutoka Faro, na soko lake la samaki liko kwenye majengo mawili ya matofali mekundu ukingoni mwa maji. Jumamosi wakulima hupanga nje mboga, tini kavu, lozi na asali. Ukiwa na nyumba yenye jiko, unanunua dagaa wakubwa wa asubuhi, unawachoma, na chakula cha mgahawani kinabaki kuwa starehe ya siku moja moja. Sijui kama unga wa mahindi wa huko utatoa bukari, yaani ugali, ya maana. Mume wangu amesema atabeba wake.

Gari hatutakodi. Reli ya mkoa huanzia Lagos magharibi hadi Vila Real de Santo António kwenye mto Guadiana, na ng'ambo ya mto ni Uhispania. Kutoka bandari ya Olhão kuna vivuko vya kwenda visiwa vya Armona na Culatra, kwenye wangwa wa Ria Formosa, na Culatra haina barabara za magari.

Kwa sasa tumeweka nafasi ya nyumba inayoweza kufutwa bila malipo, na ya ndege tumeishikilia bila kuilipia. Vyote viwili tutavilipia viza zikishabandikwa kwenye pasipoti.