Kalsiamu na fosforasi katika sahani ya Moshi

Hapa Moshi mama aliyejifungua hupikiwa mtori, na wengi wetu huamini kwamba, kwa kuwa umepikwa kwa nyama na mchuzi wa mifupa, basi mifupa ya mama nayo imeshapata haki yake. Naupenda mtori na sitaki mtu auache, ila tukiupima kwa madini mawili yanayojenga mfupa, yaani kalsiamu na fosforasi, tutaona kwamba umeelemea upande mmoja.

Chukua gramu 300 za ndizi mbichi na gramu 100 za nyama ya ng'ombe. Kalsiamu yote iliyomo haifiki miligramu 50, ilhali fosforasi inakaribia miligramu 300. Mchuzi haubadilishi sana hesabu hiyo, kwa sababu mfupa uliochemshwa kwa maji hutoa kalsiamu kidogo mno. Mahitaji ya mtu mzima yamekaa kinyume kabisa: takriban miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku, na 700 tu za fosforasi. Ongeza hapo glasi moja ya maziwa ya mgando, yenye karibu miligramu 300 za kalsiamu na 230 za fosforasi, na pengo lililokuwa zaidi ya mara sita linashuka hadi chini ya mara mbili. Ndiyo maana nawasifu wapishi wanaomalizia mtori kwa maziwa, na ndiyo maana naiheshimu loshoro ya Arusha, ambamo mahindi yasiyo na kalsiamu ya maana huchanganywa na maziwa ndani ya chungu kimoja.

Uwiano huu una uzito kwa sababu mwili hauruhusu kalsiamu ya damu ishuke: ikipungua, tezi ndogo nne zilizoko shingoni hutoa homoni inayoichota kutoka mifupani, na fosforasi nyingi damuni huzichochea tezi hizo hizo.

Hata hivyo, namba za kwenye majedwali hazitoshi peke yake. Sehemu kubwa ya fosforasi ya maharage na mahindi imefungwa ndani ya fitati, kemikali ya asili ya mbegu, ambayo utumbo wa binadamu hauwezi kuivunja vizuri, na fitati hiyo hiyo hushika kalsiamu kidogo iliyopo; kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga maji yake kunasaidia kiasi. Mchicha nao una kalsiamu nyingi, lakini oksalati, kemikali ya asili iliyomo kwenye majani yake, huizuia isifyonzwe, hivyo kwa shabaha hii nachagua sukuma wiki bila kusita.

Kwa samaki, tofauti iko mfupani. Minofu ya sangara ina fosforasi nyingi na kalsiamu haba, wakati dagaa wanaouzwa kwa kopo pale soko la Mbuyuni huliwa wazima, mifupa na vichwa, na hivyo hutoa madini yote mawili kwa wingi. Kwa familia isiyomudu maziwa kila siku, sioni chakula kinachowazidi.

Soda nyeusi ina asidi ya fosforasi inayofyonzwa kwa urahisi. Kiasi chake katika chupa moja si kikubwa. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba watoto wa miaka tisa na kuendelea wanapewa soda hiyo mahali pa maziwa, katika umri ambao wanahitaji miligramu 1,300 za kalsiamu kwa siku.

Mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu hizi. Figo dhaifu hushindwa kutoa fosforasi iliyozidi, na kwake hata maziwa na dagaa hupimwa kwa maelekezo ya daktari wake.