Chupa za dawa ya tumbaku: kazi inaanzia kwenye bomba

Ukusanyaji wa vyombo vitupu vya viuatilifu kwenye chama cha msingi cha ushirika wa wakulima huharibikia shambani, muda mrefu kabla ya siku ya kukusanya. Chupa ikishakaukiwa na ukoko wa dawa ndani ni vigumu kuisafisha. Lazima iwekwe kando kama sumu, na kuiteketeza inavyotakiwa ni gharama. Iliyooshwa mara tatu ni habari nyingine: mwongozo wa 2008 wa FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, unaruhusu ihesabiwe kuwa taka isiyo hatarishi.

Kwa hiyo osha palepale unapochanganyia. Chupa ikiisha, iinamishe ichuruzike kwenye bomba la kunyunyizia kwa sekunde 30. Tia maji robo ya chupa, funga, tikisa sekunde 30, mimina bombani. Rudia mara mbili zaidi. Wengi hukwama kwenye hesabu ndogo: chupa ya lita 1 hutumia maji mililita 750, nao wameshajaza bomba la lita 16 hadi shingoni. Maji ya kuoshea yanakosa pa kwenda, yanamwagwa kando ya kisima. Anza na nusu bomba ya maji, tia dawa, osha chupa, ndipo ujazilize. Glavu na miwani usivue bado, maana dawa inayoruka wakati wa kutikisa ni kali kuliko ile ya kunyunyizia.

Ukimaliza, toboa kitako kwa msumari, matundu matatu au manne, na lebo ibaki inasomeka. Plastiki hunyonya dawa, kwa hiyo hata chupa iliyotakata haifai kwa mafuta ya kula, maziwa wala asali. Sikonge na Urambo, mkoani Tabora, zipo nyumba zinazolima tumbaku na kurina asali, na vyombo vya kazi zote mbili hulala stoo moja. Hapo mahubiri hayasaidii: dumu zima litapata kazi, lililotobolewa halitapata. Vifuniko vifungwe mfuko wake, kwa kuwa mara nyingi ni plastiki ya aina nyingine.

Dawa iliyobaki au iliyopitwa na muda iache kwenye chombo chake. Usiunganishe mbili ili kuokoa nafasi. Mchanganyiko usiojulikana hakuna anayetaka kuupokea. Chombo kinachovuja kisimamishe ndani ya ndoo yenye mchanga au maranda.

Msimu wa masoko ya tumbaku ndio wakati mzuri wa kukusanya, wakulima wanapofika chamani hata hivyo. Mpokeaji awe na turubai kivulini, ndoo ya mchanga, na daftari la jina la dawa na kiasi. Vyombo vya kemikali za nyumbani navyo vinakuja, na hivyo ndivyo vinavyohitaji jicho. Jiki ikae mbali na asidi ya betri na dawa za choo zenye asidi, kwani zikikutana hutoka gesi ya klorini. Sumu ya panya yenye zinki fosfidi ibaki kavu kabisa. Unyevu huitoa gesi ya fosfini. Betri ya gari isimame wima, asidi isimwagwe.

Kwenye bodaboda, mzigo huu usipande pamoja na unga. Na chupa zisichomwe nyuma ya bani la kukaushia tumbaku, hata zikiwa mbili tu: moshi wake unaingia nyumbani.