Siku moja maishani mwangu: bunduki nabeba, ila kazi inafanywa na karatasi

Saa 10:30 alfajiri

Mimi ni askari wa wanyamapori. Kabla sijagusa bunduki nakagua kitabu cha hati za ukamataji mali, zile fomu tunazoandika kila kitu tunachokamata. Kurasa zimebaki 11, karatasi ya kaboni ipo, kalamu mbili. Kuna siku kalamu iligoma nikiwa katikati ya kuandika namba ya bunduki, nikaazima ya mtuhumiwa mwenyewe. Kule mahakamani wakili wake alinisimamisha karibu nusu saa: wino wa rangi mbili, afande, nani aliongeza namba hizi? Tangu siku hiyo natembea na kalamu mbili, zote za bluu.

Saa 11:15

Tumeegesha njia panda, taa zimezimwa. Nipo na kijana mpya, wiki ya tatu kazini, mwenye maswali mengi kuliko risasi. "Afande, hapa tunapekua gari la mtu bila hati ya hakimu. Mbona jana ulinizuia mlangoni kwa yule mzee?"

Nikamwambia ushahidi wa porini una miguu. Gari likiondoka limeondoka na kila kitu, ndiyo maana sheria za nchi nyingi zinamruhusu askari wa wanyamapori kusimamisha na kupekua gari, kambi au mzigo papo hapo, mradi awe na sababu za msingi za kushuku. Nyumba ya mtu ina heshima yake. Marekani, kwa mfano, Mahakama ya Juu ilishasema mwaka 1924 katika kesi ya Hester, ikarudia 1984 katika ya Oliver, kwamba ulinzi wa katiba dhidi ya upekuzi unaizunguka nyumba na ua wake, haufiki kwenye mashamba na mapori ya wazi. Kesi zenyewe hata hazikuwa za uwindaji. Ya kwanza ilihusu pombe haramu, ya pili bangi. Lakini askari wa wanyamapori wa kule wanazitegemea mpaka leo.

Ukitaka kupita mlango wa mtu, nenda kwa hakimu kwanza. Kijana hakuridhika, nilimwona.

Saa 12:40 asubuhi

Pikapu, watu watatu. Kibali cha kuwinda kinasema swala mmoja, tena mchana. Nyuma wamelala swala wawili, damu bado mbichi, na chini ya turubai kuna taa kubwa yenye waya wa kuunganisha kwenye betri ya gari. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza.

Hapa ndipo askari wengi wanapoharibu. Wanakomba kila kitu: viatu, simu, magodoro ya kambini. Mimi najiuliza swali moja tu kwa kila kitu: hiki kimehusikaje na kosa? Bunduki, ndiyo. Risasi 7, ndiyo. Taa, waya, visu viwili, swala wote wawili, ndiyo. Koti la mzee mwenye bunduki lilikuwa na dawa zake mfukoni. Nililipekua mbele yake nikamrudishia. Simu sikuigusa. Hata ningeikamata, kuishika ni jambo moja na kuifungua kusoma yaliyomo ni jingine, na hilo la pili aghalabu linataka amri ya mahakama.

Namba ya bunduki ilikuwa imejaa tope. Nikaisugua kwa kidole gumba, nikamulika kwa tochi kutokea pembeni. Ile ni B au 8? Nikamwita kijana asome bila kumwambia nilichoona mimi. Akasema 8. Nikamwomba mzee naye asome. Naye 8. Ndipo nikaandika.

"Kwa hiyo umenitaifishia bunduki yangu," mzee akasema.

"Hapana, mzee wangu. Nimeikamata. Bado ni mali yako."

Hakuniamini, na simlaumu, maana hata askari wenzangu wanayachanganya haya mawili. Nikikamata, serikali inakishika kitu kama kielelezo, yaani ushahidi wa kuonyesha mahakamani. Kutaifisha ni kumwondolea mtu umiliki, na hilo ni la mahakama. Mimi sina mamlaka hayo hata nikikasirika.

Pikapu nayo ilikuwa ya mpwa wake, ambaye hakuwepo. Nikaandika jina la mwenye gari kwenye mstari wake peke yake, kwa sababu mara nyingi mwenye mali anapewa nafasi ya kujieleza. Sheria ya Marekani iitwayo Lacey, ya mwaka 1900, ni kali kwa mnyama mwenyewe: akipatikana kinyume cha sheria anaweza kutaifishwa hata kama aliyenaye hakujua. Kwa gari inataka zaidi: mtu ahukumiwe kwa kosa kubwa, na mwenye gari awe alijua au alipaswa kujua. Naona ni haki.

Saa 2:10

Mzee amekataa kusaini. Sikumlazimisha. Nikaandika "amekataa kusaini", shahidi akasaini, nakala nikampa mzee mkononi.

Saa 5

Kituoni. Lebo, daftari, mtunza vielelezo.

Saa 7 mchana

Nyama haisubiri kesi. Tumeipima, tumeipiga picha, tumechukua sampuli. Pembe na ngozi zinabaki. Hakimu ndiye wa kuamua nyama iende wapi, na mtuhumiwa awepo asikike kabla ya amri kutoka. Ukiona askari anagawa nyama ya kielelezo, ujue hapo pana wizi wa pili.

Tukingoja zamu yetu kwa hakimu nikamsimulia kijana habari za Uingereza ya zamani. Paa wa msitu wa mfalme aliweza kumgharimu mtu kiungo au roho. Hati ya Misitu ya 1217 ikalifuta hilo: mtu alipe faini, na asipokuwa na kitu, afungwe mwaka mmoja na siku moja. "Kwa hiyo tumetoka kwenye mkono wa mtu tukaja kwenye bunduki yake," akasema. Nikanyamaza. Alikuwa amelisema vizuri kuliko mimi.

Saa 9 alasiri

Alikuja mtu aliyeachiwa huru na mahakama, na nakala yake ya hati ameikunja mara nne, imechakaa kwenye mikunjo. Anataka bunduki yake. Tukamtolea. Kutu imeula mtutu, na kitako kina ufa ambao hati yangu ya siku ile haiutaji. Ilikaa sakafuni kwenye stoo yetu muda wote wa kesi.

Aligoma kusaini fomu iliyoandikwa "imepokelewa katika hali nzuri". Nikaikata ile sentensi, nikaandika kutu na ufa, nikasaini mimi kwanza. Akienda kudai fidia, karatasi hiyo itanisuta, na ndivyo inavyotakiwa.

Saa 12:25 jioni

Kabla ya kuondoka nikamwomba mtunza vielelezo afungue stoo tena. Bunduki ya mzee wa asubuhi ilikuwa sakafuni, imeegemea ukuta wenye unyevu. Tukaiweka kwenye rafu ya juu bila kuifuta wala kuipaka mafuta, maana ni kielelezo. Tukaandika saa kwenye daftari, tukasaini wawili. Kijana mpya alishika tochi.