Simu ilizima, Rungwe ukaonekana

Jana hapa Tukuyu umeme ulikatika tangu usiku, simu ikaisha chaji. Asubuhi nikatoka nje na kikombe cha chai. Mvua ilikuwa imekata, ukungu ukapanda taratibu, Mlima Rungwe ukajitokeza wote, kijani mpaka juu. Na mimi nimekulia chini yake!

Bibi alikuwa jikoni anamenya ndizi, anamshukuru Mungu kwa sauti: kwa mvua, kwa magoti yake, halafu akataja jina langu. Kumbe huniombea kila asubuhi, saa ileile ninayoinamia simu. Nikawakumbuka wakoma 10 wa Luka 17. Wote walitakasika, akarudi kushukuru mmoja tu, tena Msamaria.

Bwana, nisamehe. Leo simu nimeiacha chumbani, nikachukua kisu, tukamenya ndizi pamoja.